Pumzi ya Watu: Afya Ilivyopimwa Unyakyusa

Ukifika Masoko, wilayani Rungwe, utaonyeshwa boma la Wajerumani na ziwa Kisiba, na utasimuliwa habari za silaha zinazosemekana kuzamishwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nataka tuongee historia nyingine, isiyo na magofu: jinsi Wanyakyusa walivyopima maisha ya mtu.

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica akachapisha *Good Company*, kitabu kuhusu vijiji vya rika, ambamo jirani yako alikuwa mwenzako wa umri mmoja, si lazima ndugu. Neno kuu humo ni *ukwangala*: kukaa na wenzako kwa furaha, kula, kunywa na kusaidiana.

Jirani huyo alikuwa na kauli juu ya afya yako. Ukimdharau mzazi au ukiwanyima wenzako chakula cha sherehe, walinung'unika. Manung'uniko hayo, *embepo sya bandu*, yaani pumzi ya watu, yaliaminika kukuletea baridi na homa. Dawa peke yake haikutosha. Ulipaswa kukiri kosa na kuwakarimu majirani, nao watamke hasira yao ili iishe.

Sisi waandishi wa habari tumezoea takwimu. Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la ubora wa maisha, WHOQOL-BREF, lenye maswali 26. Moja linauliza umeridhika kiasi gani na msaada wa marafiki zako. Swali zuri, lakini haliulizi kama marafiki nao wameridhika na wewe. Wazee wa Unyakyusa wangeanzia hapo.

Ila tusiwapambe wazee. Kipimo chao kilikuwa na makali: mgonjwa alibeba maumivu, kisha akabebeshwa na lawama. Imani iyo hiyo ilimsaka mchawi mwenye chatu tumboni. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilifanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa, na ilistahili. Wangapi waliumia kwa neno la jirani tu?

Basi, tuache kumuuliza mgonjwa amekosa nini. Tumuulize nani anamchotea maji, nani amekuja kumwona, na yupi hajaja kwa sababu wamenuniana. Huyo wa mwisho aitwe, wayamalize, huku dawa za hospitali zikiendelea.