Mti wa kahawa kando ya Ziwa Kivu: nani aliupanda, nani aliuvuna

KALEHE – Mwezi wa tisa, mvua inaporudi, vilima vya Kalehe na kisiwa cha Idjwi vinanukia maua ya kahawa. Ni maua meupe, na hayakai: siku mbili tatu yamenyauka. Tunda linangoja miezi nane hivi ndipo liwe jekundu.

Kongo ina kahawa yake ya asili, robusta, iliyokuwa ikiota yenyewe katika pori. Mbegu zake kutoka upande wa Lomami zilipitia Brussels mwaka 1900 zikapelekwa mpaka Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeharibu mashamba. Lakini ile ya Kivu ni arabika, yenye asili ya Ethiopia, inayopenda baridi ya milima. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, basi vilima vyake vinaifaa.

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu na kuipa uwezo wa kugawia walowezi ardhi. Kwa mwenye shamba la mababu, maana yake ilikuwa kwamba udongo ule mzuri ulipata bwana mwingine, na yeye akaurudia kama kibarua. Huko Mulungu, karibu na Bukavu, wataalamu wa INEAC walichunguza miche. Kibarua naye aliangalia, akajifunza.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zipewe Wazaire. Wengi waliopewa mashamba walikuwa watu wa karibu na utawala, hawakujua hata kupogoa. Mashamba mengi yakageuka pori au malisho ya ng'ombe. Kahawa haikufa, kwa sababu raia mdogo alikuwa ameshapanda yake nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Mwezi wa saba 1989 mapatano ya dunia yaliyolinda bei yalivunjika, bei ikaanguka. Halafu zikaja vita vya 1996 na 1998: barabara zikafa, wanunuzi wakakimbia, na kila kizuizi kilidai kodi. Watu wakapakia magunia katika mitumbwi na kuvuka usiku kwenda Rwanda, wakarudi na sabuni na nguo. Ziwa Kivu lina upepo wa ghafula. Wengi walizama, na Idjwi kulibaki wajane wengi wa biashara hiyo. Kwa mkulima aliyepata mafaranga kidogo hivyo kwa kazi ya mwaka mzima, hatari ile ilikuwa kubwa kupita faida. Mwaka 2003 wakulima wa Minova walianza ushirika wao, Sopacdi, na baadaye vituo vya kuosha kahawa vikarudisha wanunuzi wa mbali.

Vita vikifukuza watu, maharagwe na mihogo huliwa na wengine, lakini mti wa kahawa unabaki. Usipohudumiwa unarefuka, matunda yanapungua, na kile kidudu kiitwacho antestia kinaingia, kikileta ladha ya kiazi kibichi katika kikombe. Haifai kuung'oa. Shina linakatwa mshazari, urefu wa goti hivi, kabla ya mvua. Machipukizi yakitoka yanaachwa mawili au matatu yenye nguvu. Mwaka wa pili matunda yanaanza, wakati mche mpya ungehitaji mitatu.

Kuna neno jingine ambalo wenye mashamba wanalijua vizuri. Katika desturi ya Bushi, mwenye kalinzi, yaani haki ya kudumu juu ya ardhi, ndiye anayeruhusiwa kupanda migomba na kahawa. Mwenye bwasa, aliyekodi kwa msimu, analima maharagwe na mihogo tu, kwa sababu mti unaodumu ni dai la ardhi. Ndiyo maana mtu akirudi kutoka kambini na kukuta vikonyo vya kahawa alivyopanda babake vimeng'olewa, hasara yake si ya magunia peke yake. Mbele ya mkuu wa kijiji na majirani, mistari ile ya kahawa ingeweza kumtolea ushahidi ambao karatasi hana.