Jogoo wa Mashemeji

Hapa Ekalakala, katika ardhi kavu ya Masinga, mbali na Nyanza na mbali vilevile na Magharibi, marehemu baba yangu, Mkamba asiyejua neno la Kiluhya ila moja tu, Ingwe, yaani chui, alikuwa na ada ya kuanika betri za redio juani tangu asubuhi ya siku ambayo Ingwe hao, klabu ya kandanda ya AFC Leopards, wangekutana na Gor Mahia, ili sauti ya mtangazaji isije ikafifia kabla ya kipenga cha mwisho. Alasiri ilipowadia, mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa shabiki wa damu wa Gor, au K'Ogalo kama waitwavyo, alikuja akaketi chini ya mwembe upande wa pili wa redio, na sharti lilikuwa lilelile miaka nenda miaka rudi: ambaye timu yake imefungwa atamchinjia shemeji yake jogoo.

Leo pambano hilo huitwa Debi ya Mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya ni majirani waliooana tangu jadi. Lakini uani kwetu jina hilo lilikuwa na maana kamili kabla halijavuma magazetini.

Asili ya kadhia hii ni fupi kusimulia. Abaluhya United iliundwa mwaka 1964, na ndiko alikosakata kabumbu Joe Kadenge, ambaye jina lake lilizoeleka redioni hata watoto wasiowahi kuuona uwanja wa Nairobi wakawa wanaliita kila wapigapo mpira wa matambara. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968, Luo Union na Luo Stars zilipounganishwa, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kijaluo, na mwaka huohuo wa kuzaliwa ikatwaa ubingwa wa nchi. Serikali ilipoyakataza majina ya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards mwaka 1980. Jina likabadilika, mahaba yasibadilike.

Ikafuata enzi ambayo kila nikiikumbuka moyo hunijaa fahari na uchungu kwa pamoja. Kuanzia 1979 hadi 1993, miaka 15 mfululizo, taji la ligi halikutoka nje ya nyumba hizi mbili: Gor walilitwaa mara 8, Ingwe mara 7. Hali kadhalika kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, tangu 1979 hadi 1985, lilikuwa likipokezanwa na watani hawa peke yao, na fainali za 1980, 1984 na 1985 ziliwakutanisha wao kwa wao. Gor walipolitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 mbele ya Esperance ya Tunis, baba yangu, pamoja na uhasimu wake wote, alisimama akampa mjomba mkono kwa taadhima. Kwani aliyenolewa na Ingwe kila mwaka, alisema, hana budi kukata.

Mizani iliinama baadaye. Ingwe walitwaa ubingwa mwaka 1998, kisha ikapita robo karne na zaidi hawajaugusa tena. Wakashuka daraja, wakarejea ligi kuu mwaka 2009, ilhali Gor, kati ya 2013 na 2024, waliuchukua mara 9. Tarehe 18 Machi 2012, uwanjani Nyayo, mchezaji wa Gor alionyeshwa kadi nyekundu, ghasia zikazuka, mabomu ya machozi yakafuka, na mchezo ukasimama, tukaona namna utani unavyogeuka adawa. Mwaka 2019 mfadhili mmoja aliyezibeba klabu zote mbili, SportPesa, akaondoka, nazo zikabaki zikihangaika, kila moja haina hata uwanja wa kuuita wake baada ya zaidi ya nusu karne ya kujaza viwanja vya watu.

Hapo ndipo ghadhabu yangu ilipo. Sinung'uniki kwa kuwa tumefungwa, maana kufungwa ni nusu ya utani. Nanung'unika kwa kuwa viongozi wa pande zote mbili walirithi hazina iliyowafanya Wakamba wa Masinga waanike betri juani, wasiijengee hata ukuta. Nao mashabiki wa Gor wasidhani hasara ni yetu pekee, kwani mtani akidhoofika, ushindi juu yake hauna ladha.

Baada ya baba kufariki, nilirithi deni lake. Mwaka mmoja, Ingwe walipokwisha kufungwa tena, nilimkamata jogoo nikampelekea mjomba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo. Nilitazamia anicheke, aniulize kama kawaida yake iwapo chui wetu siku hizi hula majani. Hakucheka. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mpwa wangu, mwache huyo awike."

Nilirudi naye nyumbani kwapani, yu hai, na katika maisha yangu yote ya ushabiki sijapata kufungwa vibaya kuliko siku ile.