Jeraha la kifundo cha mguu na ngozi bandia: Mambo ya kujua kabla hujasaini fomu ya upasuaji

Ajali za bodaboda huacha majeraha mengi, ila la kifundo cha mguu lina shida yake. Mguu wa abiria umeingia kwenye spoku, au pikipiki imemlalia dereva na kumburuza kwenye lami ya barabara ya Mwanza–Musoma–Sirari. Ngozi imechunika, mfupa unaonekana.

Kama uko Musoma, Bunda au Butiama na ndugu yako amepata jeraha kama hili, soma hapa.

Kwa nini kifundo ni kazi ngumu?

Shika paja lako, kisha shika kifundo. Pajani kuna nyama ya kutosha. Kifundoni ni ngozi, kano na mfupa, basi.

Njia ya kawaida ya kuziba kidonda kikubwa ni kuchukua ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, na kuipandikiza. Ngozi hiyo inaishi kwa damu ya sehemu inapowekwa. Ukiiweka juu ya mfupa au kano iliyopoteza utando wake, inakufa.

Ndiyo maana madaktari huhamisha kipande cha ngozi au nyama kikiwa na mshipa wake wa damu. Ni upasuaji mzuri, lakini ni mrefu na unahitaji mtaalamu.

Ngozi bandia ni nini hasa?

Moja ya zinazojulikana zaidi ilibuniwa Marekani na daktari wa upasuaji John Burke na Ioannis Yannas wa chuo cha MIT. Matokeo yake kwa wagonjwa wa moto yalichapishwa mwaka 1981, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikairuhusu.

Ni kama sponji nyembamba. Imetengenezwa kwa kolajeni ya kano za ng'ombe na kiambata kinachotoka kwenye gegedu la papa. Juu yake kuna tabaka la silikoni.

Kazi inaenda hivi:

- Kidonda kinasafishwa na nyama iliyokufa inaondolewa, wakati mwingine zaidi ya mara moja.
- Sponji inawekwa na kushikizwa.
- Kwa wiki 2 hadi 4 hivi, mishipa midogo ya damu inaota ndani yake.
- Silikoni inatolewa, kisha ngozi nyembamba ya mgonjwa mwenyewe inapandikizwa juu.

Yaani ngozi bandia haimalizi kazi peke yake. Inaandaa kitanda chenye damu ili ngozi halisi ishike. Jiandae kwa upasuaji zaidi ya mmoja.

Mipaka yake

Kidonda chenye usaha hakifai, maana sponji itaoza. Mfupa ukiwa wazi eneo kubwa, au umevunjika vibaya, daktari anaweza kuamua kuhamisha nyama badala yake. Kisukari na sigara navyo hupunguza uwezekano wa kupona vizuri.

Halafu kuna bei. Bidhaa hizi ni ghali hata Ulaya na Marekani, hivyo usitegemee kuzikuta kila hospitali. Kukosa ngozi bandia si mwisho wa mguu, njia za kupandikiza na kuhamisha nyama bado zinafanya kazi.

Vipi ngozi ya sato?

Huenda umeona video. Ni kweli, watafiti wa Fortaleza, Brazil, wametumia ngozi ya sato kufunika vidonda vya moto. Lakini ile husafishwa na kuuliwa vijidudu maabara, na ni kifuniko cha muda tu.

Ngozi ya sato uliyemnunua mwaloni usiiweke kwenye kidonda. Ina bakteria wanaoweza kukugharimu mguu.

Saa ya kwanza ndiyo muhimu

- Damu ikitoka nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia.
- Ikitulia, osha uchafu kwa maji safi yanayotiririka.
- Funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa betri.
- Usiurudishe mfupa ndani. Tuliza mguu ulivyo.
- Nenda hospitali hapo hapo. Mfupa ukiwa wazi, antibayotiki inatakiwa mapema, pamoja na kinga ya pepopunda.

Musoma ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa. Ikihitajika zaidi, rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Ukipewa rufaa, usirudi nyumbani kwanza "kusikilizia". Kila siku kidonda kinapokaa wazi, hatari ya mfupa kuoza inaongezeka.

Muulize daktari haya

1. Mfupa au kano vimefunikwa, au viko wazi?
2. Njia gani inafaa hapa, na nitafanyiwa upasuaji mara ngapi?
3. Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa nini?
4. Ngozi bandia hii imetokana na mnyama gani? Zipo za nguruwe, hivyo kama imani yako, iwe ya Kiislamu au ya Kisabato, inakupa wasiwasi, una haki ya kujua.
5. Nitaanza lini kukanyaga?

Hilo la mwisho lina uzito. Wengi hukanyaga mapema ili wawahi kazini, ngozi inabanduka, na safari inaanza upya.

Abiria mwenzangu, unapopanda bodaboda vaa kiatu kinachofunika kifundo, weka miguu kwenye vikanyagio, na mtoto asining'inize mguu karibu na tairi.