Palizi ya Maneno

Sisi tuliolelewa na vitabu tulizoea kuamini kwamba kitabu kikishatoka kiwandani kimekamilika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili likaja mwaka 2004, yaani baada ya miaka 23. Wasomaji tulivumilia.

Mwaka huohuo wa 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilikuwa imeiweka wazi programu ya asili, ili atakaye aisome ndani na kuirekebisha.

Tafsiri ya namna hii huhifadhiwa katika mafaili ya maandishi matupu. Kila sentensi ya Kiingereza hukaa na mwenziwe wa Kiswahili, na humo ndimo kompyuta inamochota maneno ya kumwonyesha mtumiaji. Kwanza hupasa kuafikiana juu ya istilahi, neno moja lisije likafasiriwa kwa njia tatu katika kurasa tatu.

Lakini programu haitulii. Kila toleo huleta sentensi mpya na kubadili za zamani, na ile isiyofasiriwa hujitokeza kwa Kiingereza. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na baadhi ya waundaji wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Katika mabadiliko kama hayo, mwenye mafaili ya asili huhama nayo. Mwenye nakala ya karatasi tu hana cha kuendeleza.

Huku Nyakahura twajua kwamba mkungu ukikatwa huliwa ukaisha. Shamba la migomba huendelea kwa machipukizi na palizi. Siku ya uzinduzi ni ya mkungu. Mtunza mafaili ni mpaliliaji, wala hapigiwi ngoma.

Asipokuwapo, mtoto atafungua kompyuta akute nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, naye atadhani lugha yake imeshindwa, kumbe kilichokosekana ni palizi. Kwa hiyo nashauri vyuo vyetu vya ualimu viwape wanachuo wa Kiswahili sentensi chache kila mwaka, wazifasiri, wakosoane, kisha wazirudishe katika mafaili hayo. Kazi hiyo haihitaji mtambo wa uchapaji wala ruhusa ya Wizara.