Hadithi Iliyoshindwa na Ushuhuda: Jinsi Kampala Ilivyojifunza Kuusema UKIMWI

Hadithi ya kwanza kuhusu UKIMWI nchini Uganda ilikuwa ya uchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi na wafanyabiashara wa magendo wa Kasensero, kijiji cha wilaya ya Rakai ya wakati huo kilicho ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanzania, walianza kukonda, kuharisha na kufa. Ikasemwa kwamba walikuwa wamewadhulumu wenzao wa upande wa pili wa mpaka, nao waliodhulumiwa wakaamua kulipiza kwa njia za giza. Maneno hayo yalifika Kampala upesi kuliko maelezo ya madaktari.

Tusiidharau hadithi ile. Ilikuwa na kosa, adhabu na mtu wa kulaumiwa. Zaidi ya yote ilimfariji msikilizaji, kwa kuwa asiyemdhulumu mtu hakuwa na la kuogopa. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuing'oa.

Madaktari walifanya sehemu yao. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya watafiti, Waganda wakiwamo, kuhusu ugonjwa ambao wananchi walikuwa wameshaupa jina la siliimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mwaka uliofuata, serikali mpya ya Yoweri Museveni ilianzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI ndani ya Wizara ya Afya. Mabango yakabandikwa, na Radio Uganda ikawa inapiga ngoma ya hatari kabla ya kusoma matangazo ya ugonjwa huo. Hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuambiwa. Lakini bango halina jina, halina mama wala watoto, na huwezi kuliuliza swali. Mtu aliyelisoma pale soko la Owino mjini Kampala aliendelea na safari yake akiamini kwamba linamhusu mwingine.

Kilichobadilisha mambo kilianzia kwenye msiba wa familia moja. Noerine Kaleeba alikuwa mkuu wa shule ya fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1986 alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, yu mahututi na ana UKIMWI. Miaka michache kabla ya hapo Christopher alikuwa amepata ajali ya barabarani na kuongezewa damu. Mama huyo akapanda ndege kumfuata. Huko alikuta wauguzi wanaomgusa mgonjwa, wanaozungumza naye na kumwita kwa jina. Waliporudi nyumbani Kampala, alionja jinsi watu wanavyojitenga na mgonjwa huyo huyo. Christopher alifariki Januari 1987.

Mwaka huo huo Kaleeba na wenzake, kundi la watu 16 ambao wote UKIMWI ulikuwa umewagusa, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI na familia zao. Hawakuwa na dawa ya kumpa mtu. Dawa za kufubaza virusi bado hazikuwapo Uganda, na zilipokuja baadaye zilikuwa ghali kupita uwezo wa mwananchi wa kawaida hadi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004. Walichokuwa nacho ni kukaa pamoja na kusimuliana: nani amefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, nani amemwambia mama yake, nani anatibu vipi vidonda vya mdomoni. Kwenye mazungumzo kama hayo mjane aligundua kwamba yaliyompata yamewapata wenzake, na kwamba kuna anayeishi mwaka wa pili au wa tatu tangu apimwe. Baadaye TASO iliunda vikundi vya nyimbo na maigizo vya wagonjwa wenyewe. Vilikwenda shuleni na vijijini, na baada ya wimbo, mmoja wao alikuwa akisimama na kueleza maisha yake.

Hata hivyo, mtu mmoja ndiye aliyeufikisha ushuhuda wa namna hiyo katika kila nyumba yenye redio.

Mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa mwaka 1951. Alipiga muziki Uganda, Kongo na Kenya, kisha akahamia Sweden katika miaka ya 1980. Huko ndiko alikorekodi na Waganda wenzake albamu ya Born in Africa, iliyompa jina kubwa nyumbani. Nyimbo zake za Krismasi bado zinapigwa Kampala kila Desemba, kwenye maduka na kwenye teksi, hata na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake. Aprili 1989, Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Kabla yake hakuwahi kutokea Mganda mwenye jina kubwa kama lake aliyefanya hivyo.

Wengi hawakumwamini. Wapo waliosema amelipwa, na wapo waliodai anatafuta njia ya kuuza kanda zake. Mgonjwa wa siliimu, kwa jinsi walivyomjua wao, alikuwa mtu aliyebaki mifupa, amefichwa chumba cha nyuma. Huyu alikuwa amesimama mbele yao akiimba. Nadhani shaka hiyo yenyewe ilikuwa mwanzo wa somo, kwani kwa mara ya kwanza watu walilazimika kujiuliza kama mtu anayeonekana mzima anaweza kuwa na virusi.

Lutaaya hakubishana nao. Alizunguka shule, makanisa na kumbi akieleza habari zake na kujibu maswali. Watengenezaji filamu walimfuata na kumrekodi, na filamu yao ilionyeshwa Marekani mwaka 1990. Kadiri miezi ilivyopita mwili wake ukaisha mbele ya macho ya wale wale waliomwita mwongo. Aliaga dunia tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya Krismasi, akiwa na miaka 38. Wimbo wake Alone ndio unaosikika hadi leo kila Siku ya UKIMWI Duniani. Baada yake watu wenye virusi walijipanga chini ya jina lake, wakawa wanakwenda madarasani kufanya alichokuwa akikifanya.

Je, kusimulia kulisaidia kweli, au ni hisia zetu tu? Mwaka 1992, katika kliniki za wajawazito za Kampala kama ile ya Nsambya, karibu wanawake 3 kati ya 10 waliopimwa walikuwa na virusi. Muongo mmoja baadaye kiwango kilikuwa kimeshuka sana. Sababu zake zinabishaniwa hadi leo: wapo wanaotaja uaminifu katika ndoa, wapo wanaotaja kondomu, na wapo wanaotukumbusha kwa huzuni kwamba wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 2004 watafiti Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer waliandika katika jarida la Science jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Walipolinganisha Uganda na nchi nyingine za Afrika zikiwamo Kenya, Malawi na Zambia, waliona kwamba Waganda waliupata zaidi ujumbe wa UKIMWI kwa kuzungumza na ndugu na marafiki, wakati kwingineko watu waliutegemea zaidi kutoka redioni na kwa maofisa. Na wengi zaidi Uganda walisema wanamfahamu mtu mwenye UKIMWI au aliyekufa nao. Wagonjwa walikuwapo nchi zote hizo. Tofauti ilikuwa katika kuwataja.

Simulizi nyingine hazikukusudiwa umma kabisa. Mwaka 1992 wanawake wenye virusi, akiwamo Beatrice Were, mjane kijana, walianzisha chama chao kilichojulikana kama NACWOLA. Miaka michache baadaye chama hicho kilianza kuwafundisha kina mama kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wazo lililokuwa limeanza kutumika na akina mama Waafrika wenye virusi huko London. Ukifungua kitabu kama hicho unakuta mwandiko wa mkono, picha iliyobandikwa kwa gundi, na mambo ambayo yatima hana wa kumwuliza: nani alikupa jina lako, neno lako la kwanza lilikuwa nini, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, kaburi lake liko wapi, shamba letu linapakana na la nani. Ukoo nao unaandikwa. Mtoto wa ukoo wa Nsenene lazima ajue kwamba senene, wanaouzwa kila kona ya Kampala msimu wao ukifika, kwake yeye ni mwiko.

Lakini mama hawezi kuandika kitabu hicho bila kumwambia mtoto kwa nini anaandika. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na hapo ndipo faida kubwa ilipopatikana. Wengi waligundua kwamba mtoto alikuwa ameshabaini siku nyingi na alikuwa akiubeba mzigo huo peke yake. Baada ya kuambiwa, wakaweza kupanga pamoja nani atamlea na karatasi za kiwanja ziwekwe wapi. Dawa zilipofika, baadhi ya akina mama hao waliishi wakaendelea kuandika.

Kusimulia kuna gharama, na si haki kuifunika. Waliojitaja walipoteza kazi, ndoa na marafiki. Mwaka 2014 Uganda ilipitisha sheria inayomfanya mtu anayeambukiza virusi kwa makusudi kuwa mhalifu, na wanaharakati wakaonya kwamba mtu akiogopa mahakama atanyamaza au hatapima kabisa. Naona walikuwa sahihi. Huwezi kuwaomba watu waseme kisha ukageuza maneno yao kuwa ushahidi dhidi yao. Hata hivyo, mwaka huo huo vijana wanaoishi na virusi walianzisha shindano la urembo la Y+, ambapo mshiriki hupanda jukwaani na kueleza hali yake mbele ya ukumbi mzima.

Leo Uganda ina watu wapatao milioni 1.5 wanaoishi na virusi, wengi wao wakimeza dawa kila siku na kuonekana wazima kama Lutaaya alivyoonekana Aprili ile. Waliosimama mbele ya madarasa miaka ya 1990 sasa ni wazee, na vitabu vya kumbukumbu vimo masandukuni mwa watoto ambao nao ni wazazi. Kama kwenu kuna kitabu kama hicho, wasomee wanao. Kama shangazi au mjomba wako alikuwa miongoni mwa waliojitaja, mwendee umsikilize angali hai, na umwombe ruhusa ya kuyaandika atakayokuambia.