Kamera ya Leningrad katika Vichochoro vya Prague

Mji mkongwe una maadui wawili: anayeubomoa, na anayeutazama kwa macho ya kuazima. Wa kwanza hujulikana kwa nyundo yake. Wa pili huja na kamera, akasimama pale waliposimama maelfu kabla yake, akapiga picha ileile iliyokwisha kuchapwa kwenye kadi za posta, kisha akaondoka akidhani ameuona mji. Historia ya kamera moja ya Kirusi inatuonesha namna vijana wachache walivyojaribu kujinasua katika mtego huo, na namna walivyokaribia kunaswa na mwingine.

Mwaka 1984 kiwanda cha LOMO mjini Leningrad kilianza kuunda kwa wingi kamera ndogo iliyoitwa LC-A, iliyofuata mfano wa Cosina CX-2 ya Japani. Ilitosha mfukoni, ilitumia mkanda wa milimita 35, na ilijipimia mwanga yenyewe. Palipokuwa na giza, kilango chake kilibaki wazi mpaka mwanga utoshe, hata kama mkono wa mpigapicha ulikuwa ukitikisika. Lenzi yake ilikoleza rangi na kuziachia pembe za picha kiza, kana kwamba mtazamaji anachungulia tunduni. Kwa vipimo vya mafundi, hizo zilikuwa kasoro.

Kutoka Vienna hadi Prague ni takriban kilomita 250 tu, lakini kwa zaidi ya miaka arubaini miji hiyo ilikuwa dunia mbili. Utawala wa chama kimoja ulipoanguka Chekoslovakia mwaka 1989 bila ya kumwagika damu, njia ikafunguka. Mwaka 1991 wanafunzi kutoka Vienna waliozuru Prague walizikuta kamera hizo, wakazinunua, na wakatembea nazo wakipiga picha kiunoni, juu ya kichwa, au wakiwa mbioni, pasipo kuchungulia kwanza. Mwaka 1992 waliunda jumuiya yao mjini Vienna na kutoa tamko. Katika kanuni zao kumi, mojawapo ilimtaka mpigapicha asifikiri, na ya mwisho ilimtaka asizijali kanuni zenyewe. Mwaka 1994 walifanya maonesho mawili kwa pamoja, Moscow na New York, miji mikuu ya uhasama wa jana.

Ipo sadfa hapa. Mwaka huohuo wa 1992, UNESCO iliingiza kitovu cha kihistoria cha Prague katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mji ukapata hifadhi. Ukapata pia mafuriko ya wageni, na kila mgeni akataka picha yake ya Daraja la Charles. Ilhali kadi ya posta ilitaka jiwe lililosimama, kamera ya kiunoni ilinasa viatu vya wapita njia, dirisha la tramu na taa iliyojivuta kama uzi.

Majaribio mengine yalifanyika baada ya safari. Filamu ya slaidi ilisafishwa kwa dawa za filamu ya kawaida, rangi zikageuka, anga likawa kijani au zambarau. Wengine waliufichua mkanda mara mbili, mnara ukaota ndani ya uso wa mtu. Na kwa kuwa mkanda una picha 36 tu, na hakuna aonaye kitu mpaka usafishwe, kila bahati ilikuwa na gharama yake.

Hata hivyo, Prague ilikwisha kuwa na mjaribu wa namna nyingine. Josef Sudek, aliyezaliwa mwaka 1896, alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kwa mkono mmoja aliubeba mzigo wa kamera kongwe ya Kodak ya picha pana, ambayo lenzi yake huzunguka inapopiga, na mwaka 1959 akatoa kitabu chenye picha 284 za jiji hilo. Yeye hakukimbia, alingoja mwanga. Naye pia aliupinda mji: katika picha zake barabara hujikunja na upeo hurefuka.

Basi haraka ya vijana na subira ya Sudek zina asili moja: kukikubali chombo chenye mipaka, ili mipaka hiyo ilazimishe jicho kuona upya. Pale kasoro inapotafutwa kwa ajili yake yenyewe, huwa pambo. Jumuiya ya Vienna ikawa kampuni. LC-A ya Urusi ilipokoma kuundwa mwaka 2005, mwaka uliofuata ikaja LC-A+ iliyoundwa China, ikiwa na swichi maalumu ya kupiga picha juu ya picha. Ajali ikatiwa kitufe. Siku hizi pembe zenye kiza hupatikana katika simu kwa mguso mmoja, hata kwa picha ya mahali ambapo mpigaji hakupatazama.

Wala si lazima tuilaumu biashara, kwani bila ya biashara mikanda isingeuzwa. La kuuliza ni hili: baada ya picha kupigwa, je, mji umepata shahidi mmoja zaidi, au mteja mmoja zaidi? Kamera, iwe ya Leningrad au ya Kodak, haina jibu. Analo yule aliyeishika.