Kusafiri kwa ndege na redio ya mawasiliano: betri ndiyo yenye kesi

Wasikilizaji wengi wanajua simu za upepo za askari na madereva. Zipo pia redio za ridhaa. Kama ilivyo kwa ngumi za ridhaa, mwenye nayo anaifanya kwa kupenda, si kwa kulipwa. Anazungumza na wenzake, hata wa mabara mengine, bila mnara wa simu wala intaneti. Redio ndogo, betri na waya uliotundikwa mtini vinatosha. Mafuriko yakikata mtandao, chombo hicho bado kinafikisha habari.

Je, ukitoka hapa Ipagala kwenda kupanda ndege Dodoma mjini, utapita nacho kwenye ukaguzi? Kwa kawaida redio yenyewe haikatazwi. Kinachowaponza wengi ni betri.

Kwa nini betri?

Betri ya lithiamu ikigusana ncha au ikipondeka huweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuuzima. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, iliyobeba betri nyingi za lithiamu, ilishika moto baada ya kuruka kutoka Dubai. Ilianguka na marubani wake wawili walifariki. Ndiyo maana betri za akiba hukaa na abiria: moto ukianza, wahudumu watauona. Kwenye mizigo ya chini hakuna wa kuuona mapema.

Piga hesabu kabla ya safari

Zidisha volti kwa Ah zilizoandikwa kwenye betri. Jibu ni wati-saa, yaani Wh. Kama imeandikwa mAh, gawa kwanza kwa 1,000.

- Redio ya mkononi, volti 7.4 na mAh 1,800: Wh 13.3.
- Pawabenki ya mAh 20,000, volti 3.7: Wh 74.
- Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 12: Wh 153.6.
- Ya volti 12.8 na Ah 20: Wh 256.

Isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa. Inayozidi 100 hadi 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Inayozidi 160 abiria hasafiri nayo. Kwa hiyo betri ya mwisho hapo juu iache nyumbani.

Betri ya asidi iliyofungwa, isiyomwagika, mwisho wake ni volti 12 na Wh 100. Ile ya Ah 7 ina Wh 84, inapita. Betri ya gari yenye maji ya asidi haipandi.

Namna ya kufungasha

Redio na betri weka kwenye mzigo wa mkononi. Ziba ncha za betri kwa selotepu, kila moja kwenye mfuko wake. Plaizi, bisibisi ndefu, kisu na mlingoti wa antena viende kwenye mzigo wa chini. Nyaya zikunje vizuri, kwani zikiwa fundo moja kwenye picha ya mashine, mkaguzi lazima afungue begi.

Mezani, itoe redio mwenyewe kabla hujaulizwa. Sema kwa ufupi: "Hii ni redio ya mawasiliano, leseni yangu hii hapa." Iwe imezimwa, na usiiwashe ndani ya ndege.

Karatasi za kubeba

Hapa Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Alama ya mwito ya kituo huanza na 5H. Ya Kenya ni 5Z na ya Uganda 5X. Beba leseni, nakala yake, na risiti ya redio. Ukienda nje, omba kwanza ruhusa ya mamlaka ya huko, maana kupita ukaguzi wa uwanja si ruhusa ya kurusha mawimbi, na leseni ya nchi moja haivuki mpaka yenyewe.

Unapokata tiketi, litajie shirika Wh za betri zako, kwani mengine yana masharti makali zaidi. Hesabu hii inamfaa pia asiye na redio: anayerudi na betri ya sola au pawabenki kwa ndege atapimwa kwa kipimo hichohicho.